Kumkosoa msanii si kumwibia

Malalamiko yanayoletwa kwetu na wasanii na mashabiki wa Mombasa yameongezeka, na mengi yanafanana. Shabiki amechambua wimbo au tamthilia mtandaoni, akaweka klipu fupi na kusema kazi imemchosha. Wapenzi wa msanii wanamvamia kwa matusi, na msanii mwenyewe anataka video ishushwe kwa sababu ya hakimiliki. Ombi la namna hiyo halina msingi. Hakimiliki humlinda mwenye kazi dhidi ya kunakiliwa. Haimkingi na lawama.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu kutumia kazi ya mwingine kwa kiasi cha haki kwa ajili ya uhakiki, mradi chanzo kitajwe. Anayeonyesha kipande anachokijadili na kumtaja mwenyewe ana hoja ya kujitetea. Anayepakia kipindi kizima kisha akaandika "moto!" hajahakiki chochote. Na tafadhali, tuiache hii habari kwamba ukitumia sekunde kumi tu huna kosa. Hakuna kifungu kinachogawa sekunde za bure. Kuandika "wimbo huu si wangu" si ruhusa, na kusema "mimi siuzi" pia si ruhusa. Tumelieleza hili mara nyingi mno.

Mji huu haujaanza leo kujibizana. Mshairi wa Mombasa Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata 1840, alirushiana mashairi na wapinzani wake, na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilishindana kwa nyimbo za kuchomana. Aliyeguswa alijibu kwa utungo wake mwenyewe. Mashairi ya Muyaka yako huru leo, kwa kuwa ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kijana wa Kisauni anaweza kuyageuza katuni au hadithi ya mapenzi bila kumwomba mtu, na ningefurahi sana kuiona kazi hiyo. Tafsiri na maelezo ya wahariri wa baadaye, hata hivyo, yana wenyewe.

Kwa kazi ambazo ulinzi wake haujaisha, mambo ni tofauti. Kuendeleza riwaya ya mtu au kuchora wahusika wa katuni ya Kijapani na kuwachapa kwenye fulana ni haki ya mwenye kazi. Wenye kazi wengi hunyamaza, lakini kunyamaza kwao kusichukuliwe kuwa kibali.

Anayetaka maudhui yaondolewe hufuata kifungu cha 35B cha Sheria ya Hakimiliki, kilichoongezwa 2019. Ilani huandikwa kwa mtoa huduma wa intaneti, ikiwa na jina kamili, anwani na sahihi ya mlalamikaji. Hueleza kazi yenyewe kwa kina na kuonyesha hasa maudhui yanayolalamikiwa. Huambatana na hati ya kiapo inayothibitisha umiliki, nia njema na juhudi zilizofanywa kumwomba mhusika ayaondoe. Nakala hupelekwa kwa Bodi ya Hakimiliki na Mamlaka ya Mawasiliano. Mtoa huduma ana saa 48 za kazi kuyafunga, isipokuwa aliyelalamikiwa amepeleka ilani ya kupinga iliyokamilika. Kwa hivyo usipuuze ilani kwa hasira, ijibu kwa maandishi. Na anayetoa ilani ya uongo akijua ni uongo anatenda kosa: faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Wasanii wenye timu kubwa za mashabiki wazingatie hili kabla ya kuwatuma watu "kuripoti kwa wingi".

Wanaomwandama mchambuzi mpaka kwenye simu yake ya kibinafsi wana sheria nyingine inayowangoja. Sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inaweka faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa unyanyasaji wa mtandaoni, au vyote viwili.

Wachoraji mashabiki nao husahau kwamba wana haki. Kazi haikosi ulinzi eti kwa sababu tu utengenezaji wake uligusa hakimiliki ya mwingine. Ukurasa wenye wafuasi wengi ukichukua mchoro wako na kufuta jina lako, nawe una njia ya kulalamika. Hifadhi rasimu na faili la kwanza lenye tarehe, maana hivyo ndivyo vitu vya kwanza tutakavyokuomba.