Torati, shule na mahakama: dhana potofu kuhusu Ujenzi Mpya wa Kikristo nchini Marekani

Uchaguzi wa Marekani ukikaribia, neno "theokrasia", yaani utawala unaoongozwa kwa sheria ya Mungu, huanza kurushwa huku na kule, na jina la Rousas John Rushdoony halikosi kutajwa. Mchungaji huyu wa asili ya Kiarmenia, aliyezaliwa New York mwaka 1916 na kufariki 2001, ndiye mwasisi wa vuguvugu la Ujenzi Mpya wa Kikristo, linalotaka jamii yote iendeshwe kwa sheria ya Biblia. Mwaka 1965 alianzisha taasisi ya Chalcedon huko California, na mwaka 1973 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu sheria ya Biblia, kinachozichambua Amri Kumi moja baada ya nyingine kwa zaidi ya kurasa 800. Wanaomwogopa humkuza kupita kiasi, na wahafidhina wengi humkana kabisa. Pande zote mbili hazitazami njia ambazo mawazo yake yalipita.

Dhana: Walitaka dola kubwa inayotawaliwa na wachungaji.

Walitaka dola ndogo kuliko hata ile wanayoiota wahafidhina wa kawaida. Rushdoony aligawa mamlaka kwa familia, kanisa na serikali, kila moja ikiwajibika kwa Mungu bila kuimeza nyingine. Elimu ya watoto na mali ni vya familia. Maskini watunzwe kwa zaka. Serikali ibaki na mahakama na ulinzi, ikiendeshwa kwa kodi ya kichwa inayolingana kwa tajiri na maskini, kama ile nusu shekeli ya Kutoka 30.

Ndani ya udogo huo, hata hivyo, mna upanga mkali. Kwa fundisho lao la theonomia, hukumu za Torati bado zina nguvu isipokuwa pale Agano Jipya linapozitengua, hivyo Rushdoony aliona adhabu ya kifo kuwa halali kwa uzinzi na ushoga. Anayesimulia habari za kodi ndogo na kuiruka sehemu hii anawadanganya wasomaji wake.

Udogo huo wa serikali ndio uliowakutanisha na watetezi wa soko huria. Gary North, mkwe wa Rushdoony, aliunganisha Torati na uchumi wa shule ya Austria, mkondo wa wachumi wanaotetea soko huria, na mwaka 1976 alikuwa mtafiti katika ofisi ya mbunge Ron Paul.

Dhana: Mpango wao ulikuwa kutwaa Ikulu.

Hawakuwa na haraka hiyo. Waliamini kwamba Kristo atarudi baada ya Injili kuyashinda mataifa, kazi ambayo inaweza kuchukua karne nyingi. Mtu mwenye imani hiyo huanza na mtoto, si na rais. Ndiyo maana alama yao iliyo wazi kuliko zote iko kwenye elimu ya nyumbani.

Chukua Texas. Sheria ya 1915 ililazimisha watoto kwenda shule, ila ikawasamehe walio katika shule binafsi. Kuanzia 1981 idara ya elimu ya jimbo ilishikilia kwamba kufundishia nyumbani si shule binafsi, na wazazi wakaanza kushtakiwa. Mwaka 1985 familia kadhaa zilifungua kesi ya pamoja, na Rushdoony akatoa ushahidi kama mtaalamu wa historia ya elimu. Wazazi walishinda 1987, na Mahakama ya Juu ya Texas ikathibitisha ushindi huo 1994. Sharti lilikuwa kufundisha kwa nia njema, kwa mtaala ulioandikwa, wenye kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema.

Familia nyingi zilizonufaika hazikuwa na habari na theonomia, wala hazikuihitaji. Walichokipokea ni hoja moja: mtoto ni wa wazazi, na serikali haina neno mpaka ithibitishe kwamba inalo. Hoja hiyo leo ni ya kawaida kabisa katika siasa za kihafidhina, hata miongoni mwa wasiosali.

Dhana: Wainjilisti wote wa mrengo wa kulia ni wafuasi wake.

Hapana. Jerry Falwell, aliyeanzisha Moral Majority, shirika la kisiasa la Wakristo wahafidhina, mwaka 1979, alikuwa Mbaptisti aliyesubiri unyakuo na dhiki kuu. Kwake dunia ilikuwa inaelekea kuharibika, kinyume kabisa na matumaini ya Rushdoony. Kilichokopwa ni msamiati na ari: kwamba hakuna sheria isiyo na dini nyuma yake, na kwamba Mkristo hana ruhusa ya kukaa pembeni.

Dhana: "Milima saba" ni jina jipya la kitu kile kile.

Hapa hata waandishi makini huteleza, na walokole wa Afrika Mashariki waliosikia mafundisho haya wana sababu ya kuwa makini zaidi. Milima saba ni fundisho kwamba Wakristo washike nyanja saba za jamii. Simulizi lake linaanza 1975 kwa viongozi wa uinjilisti Bill Bright na Loren Cunningham, waliozungumzia nyanja saba za kuzifikia: familia, dini, elimu, habari, sanaa, biashara na serikali. Mhubiri Lance Wallnau ndiye aliyeipa umaarufu lugha ya milima na kuitwaa. Walioieneza ni wakarismatiki wanaoamini mitume na manabii wa leo, jambo ambalo Rushdoony, Mkalvini wa kipresbiteri, hakulifundisha. Hawadai Torati irudi mahakamani. Hata hivyo undugu upo: C. Peter Wagner, kiongozi wao mashuhuri, aliutaja ukoo wa fundisho lake kuwa unapitia kwa Rushdoony na mwanateolojia wa Uholanzi Abraham Kuyper hadi kwa John Calvin.

Mwangwi wa mawazo haya husikika hata mahakamani. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Alabama iliamua kwamba viinitete vilivyogandishwa ni watoto kwa mujibu wa sheria ya jimbo ya vifo vya watoto vinavyotokana na makosa ya wengine. Hukumu ya wengi ilisimama juu ya maneno ya sheria hiyo. Jaji Mkuu Tom Parker aliandika maoni yake ya ziada akinukuu Mwanzo, Thomas Aquinas na Calvin, na siku hiyo hiyo yakatoka mahojiano aliyozungumzia milima saba. Maoni hayo ya ziada hayazifungi mahakama nyingine.