Uso uliopindwa: yanayosemwa na yalivyo

"Anayepinda sura hajui kuchora." Mchoraji anayechipukia, akibadilisha makusudi maumbo ya uso, huisikia mapema kauli hii, na imevunja moyo wengi bila sababu. Pablo Picasso, mchoraji Mhispania aliyesifika kwa nyuso zilizopindwa, alikuwa na miaka 15 tu mwaka 1897 alipochora daktari akimpima mgonjwa mapigo, na hapo hakuna kiungo kilichokaa ovyo. Baadaye, mjini Paris, alianza kumchora mwandishi Mmarekani Gertrude Stein. Mama huyo alikaa mbele yake mara nyingi mno, kisha mwaka 1906 Picasso akaufuta uso wote, akaenda zake Hispania. Aliporudi aliupaka upya Stein hayupo: uso mzito mithili ya kinyago, uliofuata sanamu za kale za Iberia, rasi ya Hispania na Ureno. Ukitazama utaona mwili kama umechorwa na mtu mmoja na uso na mwingine. Asingeweza kuuchora hivyo kwa kumbukumbu bila vile vikao vyote.

"Ukishapinda, vipimo vya nini?" Vya kukuonyesha umepinda kiasi gani. Macho hukaa karibu na katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Usipolijua hilo, jicho ulilolishusha shavuni litaonekana umeteleza. Chora kwanza uso wa kawaida, weka juu yake karatasi inayopitisha mwanga, ubadilishe kitu kimoja tu. Wengi hupinda pua, mdomo na masikio kwa mpigo, na mtazamaji asijue aangalie wapi.

"Haya ni ya Wazungu." Samaki Likankoa, Mmakonde, ndiye anayetajwa kuanzisha uchongaji wa mashetani, yaani sanamu za mizimu zenye maumbo yaliyopindwa, Dar es Salaam miaka ya 1950. Msanii Mtanzania George Lilanga (1934–2005) akawahamishia mashetani hao kwenye rangi, masikio makubwa na midomo iliyovimba. Na Picasso mwenyewe mwaka 1907 alikwenda kutazama vinyago vya Afrika katika makumbusho ya Trocadéro mjini Paris.

"Haifanani, basi si picha ya mtu." Francis Bacon, mchoraji Mwingereza ambaye hakusoma shule ya sanaa, aliwachora rafiki zake akitazama picha za kamera, akivuruga rangi mbichi kwa kitambaa. Nyuso zimesagika, lakini huwezi kumchanganya George Dyer na Isabel Rawsthorne.

Ila mteja akileta picha ya pasipoti ya marehemu baba yake na pesa ya kutangulizia, mchoree baba yake. Majaribio yafanyie uso wako, kwenye kioo.