Kupolishi na kuoanisha rangi ya gari nyumbani: yanayoaminika na yaliyo kweli

Imani inayoharibu rangi za magari kuliko nyingine zote ni kwamba polishi huongeza kitu juu ya gari, kana kwamba ni mafuta ya kujipaka. Ukweli ni kinyume. Kompaundi, ile iliyo kali zaidi, na polishi zina chembe zinazokwangua. Gari hung'aa kwa sababu uso wake umelainishwa hadi mwanga ukaacha kutawanyika, na kulainisha huko ni kupunguza. Kinachopunguzwa si kingi: kwenye magari mengi ya siku hizi praima (tabaka la msingi), rangi na klia (tabaka angavu la juu) kwa pamoja ni takriban maikroni 100 hadi 150. Klia yenyewe, ile inayokinga rangi dhidi ya jua, mara nyingi ni maikroni 35 hadi 50 tu, yaani nyembamba kuliko unywele. Ukiitoboa, hakuna polishi itakayoirudisha.

“Kila mkwaruzo hutoka kwa kupolishi.” Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukinasa, kuukwangua mpaka uishe ni kuimaliza klia. Mkwaruzo wa namna hiyo hujazwa rangi. Dawa ya meno nayo hukwangua kidogo, kwa hiyo inaweza kufifisha alama hafifu, lakini haijazi chochote. Nta huficha tu, na mikwaruzo hujitokeza tena nta inapoisha. Tena nta ikibaki mahali unapotaka kupaka rangi, rangi hukataa kushika na kuacha vishimo vya duara, kwa hiyo osha na ufute kwa spiriti kwanza.

“Tone moja nene la rangi linatosha.” Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibikia. Tone nene hukauka juu huku thina ikiwa imenaswa ndani, kisha hunywea taratibu na kuacha shimo lilelile ulilotaka kuliziba. Paka tabaka nyembamba kwa brashi ndogo au ncha ya kijiti, ndani ya jeraha tu, usiguse rangi isiyoharibika ya pembeni. Subiri likauke, paka jingine. Malizia na klia, mpaka rangi iliyojaza jeraha iinuke kidogo juu ya uso wa gari kama kinundu, maana bado itanywea.

Kisha ngoja. Rangi isiyonata kidoleni haijakomaa bado. Saa 24 ni kiasi cha chini kabisa, na kwa rangi za kopo zisizochanganywa na hadna (kemikali ya kuikaza rangi) napendelea wiki nzima kabla ya kugusa msasa. Ukiwahi, msasa unaing'oa rangi laini au kuivuta pembeni.

Msasa wa maji namba 2000, ukifuatiwa na 2500 au 3000, ufungwe kwenye kipande kidogo kigumu na bapa. Kidole peke yake hukandamiza bila usawa na kuchimba pembeni mwa kinundu. Tumia maji yenye sabuni kidogo, kwarua mara chache, futa, tazama. Kinundu kitafifia wakati sehemu iliyo chini bado inang'aa. Mng'ao ukishatoweka na pote pamefifia kwa usawa, acha papo hapo. Kinachobaki ni cha kompaundi, kisha polishi, kwa kitambaa safi, kivulini, bodi ikiwa baridi. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi rangi huwa nyembamba zaidi, kwa hiyo zizibe kwa utepe wa karatasi, hasa ukitumia mashine.

“Namba ya rangi ikilingana, rangi italingana.” Namba ipo, kwa kawaida kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango au chini ya boneti, na ni lazima uifuate. Lakini rangi iliyokaa juani miaka mingi imebadilika, na hata kiwandani namba moja huweza kutoa rangi zinazotofautiana kidogo. Rangi ya metaliki ina shida yake ya ziada: vipande vyake vidogo vya alumini hulala kwa namna moja vikipulizwa na kwa namna nyingine vikipakwa kwa brashi. Ndiyo maana kidoa kinachopotea ukikitazama uso kwa uso huonekana ukisogea pembeni.

Fundi wa rangi hakimbizani na ulinganifu kamili. Huipuliza rangi mpya ikififia taratibu kuingia kwenye rangi ya zamani isiyoharibika, halafu hupiga klia paneli yote, kwa mfano mlango mzima, hadi ukingoni. Jicho halipati mahali pa kukamata. Mpaka wa klia ulioachwa katikati ya mlango unaweza kuyeyushwa kwa thina maalumu na kupolishiwa, lakini hapo klia ni nyembamba mno na ndipo huanza kubanduka. Utepe wa kuzibia uliobandikwa bapa nao huacha ngazi kali pale rangi inapokomea. Ukunje ukingo wake uinuke. Kwa maoni yangu, jeraha dogo kwenye rangi isiyo ya metaliki ni kazi nzuri ya nyumbani. Mkwaruzo mrefu kwenye mlango wenye rangi ya fedha ya metaliki, mpelekee fundi.

Rangi isiyong'aa kabisa, ile ya mati, usiipolishi hata kidogo, kwa sababu itaota doa linalong'aa lisilofutika. Na kutu haifi kwa kufunikwa: ikwangue hadi chuma safi, paka praima, ndipo rangi.

“Barakoa ya kitambaa inatosha.” Klia yenye hadna ina isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu. Kitambaa hakizuii mvuke wake, na mafundi wenye vifaa kamili huipiga wakivuta hewa safi inayoletwa kwa bomba. Klia isiyo na hadna hustahimili petroli vibaya zaidi, nayo bado inahitaji hewa ya kutosha na barakoa yenye kichujio cha mvuke, lakini kwa kazi ya nyumbani ndiyo ninayoichagua.