Mahameli za Wakuba kwenye ukuta wa Matisse

Katika picha zilizopigwa miaka ya 1940 nyumbani kwa mchoraji Henri Matisse, mjini Vence kusini mwa Ufaransa, ukuta umetandwa vitambaa vya pembe nne vilivyojaa mishazari, maumbo ya kashata na mistari inayopinda ghafla. Vitambaa hivyo ni kazi ya Wakuba, watu wa eneo la Kasai katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Matisse alivikusanya pamoja na mapazia ya Afrika Kaskazini na nguo za magome ya miti za visiwa vya Pasifiki, na mkusanyo wake wa nguo aliuita maktaba yake ya kazi.

Habari hii ikisimuliwa, sifa zote huenda kwa jicho la Matisse. Sisi tunaohifadhi nguo tunatamani mgeni wa makumbusho aijue kwanza mikono iliyozitengeneza.

Kwa Wakuba, ufumaji ni kazi ya wanaume. Huchana majani machanga ya muwale, mti wa jamii ya mnazi, yakawa nyuzi, wakazifuma bila kuziunga, ndiyo maana kitambaa hakiwezi kupita urefu wa jani. Kikishatwangwa kikalainika, hukabidhiwa mwanamke. Yeye hupitisha sindano chini ya uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa, huvuta mpaka kibaki kinyweleo kifupi, kisha hukata upande wa pili kwa kisu kidogo. Hafungi fundo. Kinachoshika vinyweleo vile ni ule ufumaji uliobana. Pitisha macho karibu: ni mahameli kabisa, na kila kinyweleo kimekatwa kwa mkono. Kitambaa kimoja huweza kuchukua miezi.

Tena hachori kwanza. Nakshi anayo kichwani. Ataanza na kashata zilizopangika vizuri, kisha katikati ya safu anaubadilisha mstari, anaunenepesha, au anaiacha nakshi hiyo na kuingia nyingine. Kuna waliodhani hapo amekosea. Hakukosea, amechagua, na wenzake wa kijijini wanalijua hilo. Vitambaa vilivyo bora zaidi huwekwa akiba kwa ajili ya mazishi, marehemu azikwe navyo kwa heshima.

Matisse hakuwa mgeni wa nguo. Alizaliwa mwaka 1869 Le Cateau-Cambrésis, eneo la wafumaji kaskazini mwa Ufaransa. Baada ya upasuaji mkubwa mwaka 1941 alishinda sana kitandani na kwenye kiti cha magurudumu, na mkasi ukazidi kuchukua nafasi ya brashi: alikata karatasi zilizopakwa rangi, akazipanga. Kitabu chake cha kazi hizo, Jazz, kilitoka mwaka 1947. Sisemi aliwaiga Wakuba. Ila aliishi na nakshi zao mbele ya macho yake, naye mwenyewe alikiri kwamba alizitazama mara kwa mara.

Alipofariki mwaka 1954 nguo zake zilikaa masandukuni miaka mingi, hadi maonyesho ya 2004 na 2005 yaliyozipeleka Le Cateau-Cambrésis, London na New York. Jina la mkusanyaji lilijulikana kila mahali. Majina ya wanawake waliotarizi hayakuandikwa popote tangu vitambaa vilipoondoka Kasai, na sasa hayarudi. Lakini kibao cha maelezo bado kina nafasi ya kutaja Wakuba, kutaja kwamba ni kazi ya wanawake, na kueleza ilivyofanyika. Ukikutana na kitambaa cha namna hii, tafuta pale nakshi inapogeuka ghafla. Hapo ndipo fundi alipoamua.