Jua la Dodoma linapotelea kwenye bati

Kila mita ya mraba ya Dodoma hupokea kwa wastani karibu uniti 6 za nguvu ya jua kwa siku. Ni uniti zile zile za umeme unazonunua za Luku. Mji uko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili.

Wengi hudhani joto likizidi ndipo sola inapofanya kazi. Paneli inataka mwanga, joto linaichosha. Wati zilizoandikwa nyuma yake zilipimwa ikiwa na nyuzijoto 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza takriban asilimia 0.4. Mchana wa Oktoba, juu ya bati, paneli hufika nyuzi 60: hapo asilimia 14 imeshakwenda. Julai, watu wakiwa wamejifunika makoti asubuhi na upepo unavuma, paneli hiyo hiyo huchangamka.

Nilipanda paa la nyumba moja eneo la Kisasa, Dodoma. Mwenye nyumba alikuwa na paneli nne za wati 400, na bado friji ilizima usiku. Zilikuwa zimelazwa bapa juu ya bati, upande wa kusini, kwa sababu fundi alifuata mchoro wa maelekezo ya Ulaya. Kwetu, jua la adhuhuri la Juni liko kaskazini. Paneli ielekee huko, iinuliwe nyuzi 10 hadi 15 ili maji yashuke na vumbi, na chini yake pabaki shubiri moja ya kupitisha upepo.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa tawi la mwarobaini. Kivuli chake hakikuzidi ukubwa wa kanga iliyokunjwa, lakini paneli zilizofungwa kwa mfululizo ni kama bomba: ukilibana mahali pamoja, maji yanapungua kote. (Vumbi nalo lilikuwa la kuandikia jina kwa kidole. Osha alfajiri, kioo kikiwa baridi.)

Paneli nne hizo, ukishatoa upotevu wa joto, nyaya na betri, zingeweza kutoa uniti 7 hivi kwa siku. Mwenye nyumba alishika panga akaukate mwarobaini. Tulimzuia, tukahamishia paneli upande wa pili wa paa.