Vuli: Msimu Mfupi Wenye Saa za Hatari

Kila mwaka, taarifa ya mwelekeo wa mvua za vuli inapotolewa, swali ninaloulizwa zaidi katika kazi yangu ya utabiri ni iwapo mvua zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Kwa mkulima ni swali la haki, kwani jibu lake ndilo linaloamua aina ya mbegu na tarehe ya kupanda. Kwa usalama wa watu, hata hivyo, jumla ya mvua ya miezi mitatu haisemi mengi, kwa sababu daraja husombwa na mvua ya saa mbili, na saa hizo mbili zinaweza kutokea hata katika vuli ambayo mwishoni itaandikwa kuwa chini ya wastani.

Vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba katika maeneo ya Tanzania yenye misimu miwili ya mvua: pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, nyanda za juu kaskazini mashariki, na mikoa inayozunguka Ziwa Victoria. Wakati huo jua huelekea kusini na ukanda wa mvua hulifuata. Upepo wa kusi huwa umelegea na kaskazi bado haijashika, huku ardhi iliyokauka tangu Juni ikipata joto kali mchana. Hewa yenye unyevu kutoka baharini au ziwani ikifika juu ya ardhi hiyo hupanda kwa kasi, na mawingu ya ngurumo yanaweza kurefuka hadi zaidi ya kilomita 12 kwenda juu kabla ya jioni. Ndiyo maana mvua nyingi za vuli huja ghafla, zikiwa na radi na upepo mkali, na kupishana sana kati ya kata moja na nyingine.

Watabiri wa Tanzania huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Namba hiyo husikika kuwa ndogo mpaka mtu aipigie hesabu: milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba, kwa hiyo milimita 50 huangusha lita 5,000 juu ya paa la mita za mraba 100, na lita 500,000 katika kila hekta. Mtaa uliosakafiwa, wenye mitaro iliyozibwa na takataka za kiangazi kizima, hauna pa kuyaweka maji hayo. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua makumi ya watu na kuzihamisha familia nyingi za bonde la Msimbazi kwenda Mabwepande. Hayo yalitokea katika msimu ambao wengi huuhesabu kuwa mpole kuliko masika.

Tofauti ya vuli moja na nyingine ni kubwa kuliko ile ya masika, na chanzo chake kikuu kipo katika Bahari ya Hindi. Maji ya magharibi, upande wetu, yakiwa na joto kuliko kawaida na yale ya karibu na Indonesia yakiwa baridi, pepo hutuletea unyevu mwingi zaidi. Jamii huzungumza sana kuhusu El Niño, yaani joto la ziada la maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, nami sipingi umuhimu wake, ila naona kuwa bahari yetu wenyewe haipewi uzito unaostahili. Mwaka 2019 haukuwa na El Niño yenye nguvu, lakini tofauti hiyo ya joto ilikuwa miongoni mwa kubwa zilizowahi kupimwa, na vuli yake ilileta mafuriko Tanga na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu wengi West Pokot, Kenya. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali mno, ila mvua za vuli hazikufikia zile za 1997, mwaka ambao hali zote mbili zilikutana.

Zilikutana tena mwaka 2023. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba mwaka huo, sehemu ya mlima Hanang yenye miamba dhaifu iliyokuwa imelowa maji ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Katika miteremko ya namna hiyo mvua ya siku zilizotangulia ina uzito sawa na ya siku yenyewe, kwa kuwa udongo uliokwisha kushiba unahitaji kidogo tu ili uteleze. Anayeishi chini ya mlima na kuona nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, au kijito kilichokauka ghafla wakati mvua bado inanyesha, aondoke hapo hapo bila kusubiri tangazo la mtu yeyote.

Ziwa Victoria lina saa zake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na ngurumo hujengeka juu ya vilima, kama vile vya Kisii. Usiku mwendo hugeuka: hewa kutoka pande zote za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, hupanda, na dhoruba kali hutokea kati ya usiku wa manane na asubuhi, mara nyingi zikisukumwa kuelekea ufuo wa magharibi. Huo ndio muda ambao wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa katika usiku wa giza, wako mbali na mwalo. Ndege iliyoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, na kuua watu 19 kati ya 43 waliokuwemo, ilikuwa ikijaribu kutua asubuhi yenye mvua na hali mbaya ya hewa.

Kuhusu radi, hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Jibu ni umbali kwa kilomita. Radi inaweza kupiga kilomita 10 mbele ya mvua, kwa hiyo ngurumo ikisikika tu, kiwanja cha mpira, mtumbwi na kivuli cha mti si mahali salama, na ndala za mpira hazikingi chochote. Subiri ndani ya jengo imara au gari lililofungwa mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ukungu hauogopwi sana, ingawa hukatisha uhai barabarani. Wataalamu huuita ukungu pale mtu asipoweza kuona zaidi ya mita 1,000. Ule wa mabondeni hujikusanya baada ya mvua ya jioni kufuatwa na usiku wa anga safi na upepo hafifu, na kwa kawaida huyeyuka jua linapopanda, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Ule wa miteremko, kama wa Lushoto au wa barabara ya Limuru kuelekea Kinungi, kwa kweli ni wingu linalosukumwa mlimani na upepo, na unaweza kudumu kutwa nzima. Dereva wa bondeni anaweza kungoja saa moja njia ikafunguka; wa mlimani apunguze mwendo, awashe taa za chini kwa kuwa taa ndefu humrudishia mwanga machoni, na asisimamishe gari ndani ya njia.