Hogo haliungi mfupa, na mengine tunayoyakosea kuhusu plasta

"Plasta ndiyo inayounga mfupa." Hapana. Mfupa hujiunga wenyewe. Hogo, yaani plasta ngumu inayofungwa kwenye kiungo kilichovunjika, kazi yake ni kuushika utulie. Likifungwa juu ya mfupa uliokaa kombo, utaunga, ila kombo vilevile.

"Ukisikia joto, ujue dawa inaingia." Mle hamna dawa. Ni jasi, mawe ya jamii ileile inayochimbwa Makanya, kule Same, na kutiwa kwenye saruji. Yakichomwa kwenye nyuzi joto 150 hivi hupoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga. Bandeji yenye unga huo huchovywa mpaka mapovu yaishe, hukamuliwa kidogo, huzungushwa. Unga unanywa tena maji uliyonyang'anywa, unaganda, na joto linatoka. Kwa bandeji chache ni uvuguvugu tu.

Kwa ndoo nzima ni balaa. Mwaka 2007, Uingereza, msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya plasta katika somo la sanaa, apate umbo la mikono yake. Plasta ikagandia humo, ikamuunguza, akapoteza karibu vidole vyote. Anayeijua kazi huchukua umbo la mkono kwa alginati, ule ute wa mwani wanaotumia madaktari wa meno. Mkono ukishatoka, ndipo plasta humiminwa kwenye uwazi uliobaki.

"Likibana, vumilia, utazoea." Hili ndilo linalokata watu viungo. Hogo halitanuki, uvimbe ukizidi, damu inakosa njia. Vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, au maumivu yakizidi hata baada ya dawa, rudi hospitali usiku huohuo. Usingoje tarehe ya kliniki.

"Hogo ni la waliovunjika." Na watoto waliozaliwa na mguu kifundo, yaani uliopinda kuelekea ndani, je? Hubadilishiwa plasta kila wiki, mguu ukinyooshwa polepole.

"Watu wa Pompeii waligeuka mawe." Wengi huamini hivi wakiona picha zao. Pompeii ulikuwa mji wa Warumi, Italia. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, majivu yaliganda kuwazunguka, miili ikaoza, pakabaki uwazi. Mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli akaanza kumimina plasta humo, na mifupa bado imo ndani. Mmoja amevaa bangili ya dhahabu, ana mtoto mapajani. Kwa miaka mingi aliitwa mama. Vipimo vya DNA vilivyochapishwa 2024 vilionyesha ni mwanamume, na mtoto yule si wa damu yake.